Kesi za ubakaji na lile swali la "ushahidi uko wapi"

Tuhuma ya ubakaji ikitoka tu, nusu saa haiishi watu washagawanyika. Huku wanasema hakuna mwanamke atakayejitungia aibu ya namna hiyo, kule wanauliza ushahidi uko wapi, na matusi yanaanza. Mimi sioni kama wote wanaodai ushahidi ni watu wabaya. Kosa hili adhabu yake ni miaka mingi jela, na huwezi kumfunga mtu eti kwa sababu habari imekuuma roho. Ila wengi tunauliza hilo swali bila kujua ushahidi wenyewe ukoje na unapotelea wapi.

Chukua kesi ya wizi. Mali imetoka kwa fulani imekutwa kwa mwingine, hakuna atakayehangaika kuuliza kama mwenye mali aliridhia aibiwe. Kwenye ubakaji mambo yanatokea ndani, watu wawili tu, mara nyingi wanafahamiana, na mtuhumiwa wala hakatai kwamba walilala pamoja, anachosema ni "tulikubaliana". Hapo kipimo cha vinasaba hakikusaidii, kitakwambia nani alikuwepo ila ridhaa haionekani kwenye darubini. Daktari naye anaweza asione hata mchubuko, maana wapo ambao hofu ikiwashika mwili unaganda kabisa, sauti haitoki, mkono haunyanyuki, halafu baadaye anaulizwa "mbona hukupiga kelele" utadhani ni yeye aliyeshtakiwa.

Na akishatoka pale anafanya nini? Anaoga. Anajisugua, anaoga tena, nguo anazifua au anazitupa kwa sababu hataki kuziona. Nani atamlaumu? Lakini ushahidi ndo umeenda na yale maji. Siku tatu za mwanzo ndo za muhimu zaidi kuchukua sampuli, na yeye anazimaliza amejifungia chumbani anawaza amwambie nani. Hata yule aliyekumbuka kutunza nguo, akiifunga kwenye mfuko wa plastiki unyevu unaiharibu, inatakiwa mfuko wa karatasi, sasa hilo nani alimfundisha?

Tena kufikisha sampuli siyo mwisho. Detroit kule Marekani, mwaka 2009 yalikutwa maboksi zaidi ya 11,000 ya sampuli za kesi hizi kwenye stoo ya polisi, mengi hayajapimwa. Wale wanawake walijikaza, walikubali kukaguliwa mwili mzima siku mbaya kuliko zote maishani mwao, halafu boksi likawekwa kwenye shelfu. Hii inaniuma sana, na kila nikisikia mtu anasema "angekuwa mkweli angeenda polisi" nawakumbuka hao.

Ila sitaki kujifanya upande wa pili haupo. Brian Banks alikuwa kijana wa miaka 16 huko California alipotuhumiwa mwaka 2002. Alitishwa na kifungo kinachoweza kufika maisha akaamua kutopinga shtaka, akatumikia zaidi ya miaka 5, na hukumu ikafutwa 2012 baada ya mlalamikaji kurekodiwa akikiri kwamba hakubakwa. Hiyo miaka nani atamrudishia? Na kuna wale vijana watano wa kesi ya Central Park, New York, 1989, pale mwanamke alibakwa kweli kabisa, ila hao vijana waliofungwa siyo waliombaka, mhusika alikuja kukiri 2002 na vinasaba vikakubaliana naye. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mkweli kuhusu kilichompata na bado mahakama ikafunga mtu mwingine.

Ndo maana sikubaliani na wanaotaka kiwango cha kuthibitisha kosa cha "bila kuacha shaka" kishushwe kwa kesi hizi tu. Hata njia za kujazia ushahidi zina hatari zake: Harvey Weinstein, yule mtayarishaji filamu wa Marekani, alihukumiwa New York 2020, lakini 2024 mahakama ya rufaa ikafuta ile hukumu kwa sababu waliruhusiwa kutoa ushahidi wanawake ambao matukio yao hayakuwa kwenye mashtaka. Ikabidi kesi ianze upya, na walalamikaji wakapanda tena kizimbani kusimulia yaleyale. Na mshtakiwa akiachiwa, maana yake upande wa mashtaka haukuthibitisha, siyo kwamba mahakama imesema mlalamikaji ni muongo, hayo ni mambo mawili na watu wanayachanganya kila siku.

Kwangu mimi kesi nyingi zinafia pale mezani yanapoandikwa maelezo ya kwanza. Mtu anatetemeka, anasema ilikuwa saa tatu, kesho yake anasema saa nne, na wakili wa utetezi ataishikilia hiyo tofauti ya saa moja mpaka mwisho. Anaulizwa alivaa nini, swali ambalo halithibitishi chochote. Ambacho haulizwi ni nani alimwambia wa kwanza, yule rafiki aliyepokea meseji saa nane usiku, ambaye bado anayo kwenye simu na angeweza kuja kuisoma mbele ya hakimu.