Pepo Aliyeandikiwa Talaka

Wiki nzima video ile inazunguka kwenye magrupu. Muziki wa kutisha, nyota ya pembe sita gizani, na msimulizi mwenye sauti nzito anayetuambia kwamba Kabala ni dini ya siri ya Wayahudi, iliyobuniwa ili waitawale dunia, na kwamba kila msanii aliyefunga uzi mwekundu mkononi ameshauza roho yake. Nimetumiwa na watu ninaowaheshimu, wazee wa kanisa na vijana wa madrasa kwa pamoja. Imeniudhi sana. Jambo linalochafuliwa pale, yaani elimu ya mafumbo ya Kiyahudi na hirizi zake, nimelisoma kwa miaka na ninalipenda, na siwezi kuliacha lipite.

Kuhusu hilo la njama ya kutawala dunia nitasema kwa ufupi. Mwaka 1903 huko Urusi ilichapishwa hati ya kughushi iliyodai kuwa kumbukumbu za kikao cha wazee wa Kiyahudi. Mwaka 1921 gazeti la London likaonyesha wazi kwamba ni ya kughushi, na bado Wanazi waliitumia kuwaandaa watu kwa mauaji. Anayebonyeza kitufe cha kusambaza ajue mkono wake umeshika nini.

Nataka kuzungumza juu ya mabakuli.

Mwishoni mwa karne ya 19, wachimbaji kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikuwa Nippur, kusini mwa Iraki ya leo, wakifukua mji wa kale. Katika nyumba za tabaka la juu la udongo, zile ambazo hawakuwa wamezifuata hasa, walikuta mabakuli ya udongo, ya kawaida kabisa, ukubwa wa bakuli la mchuzi, yamefukiwa kifudifudi chini ya sakafu. Ndani yake kuna maandishi ya wino, mstari unaoanzia katikati na kuzunguka hadi ukingoni. Mengi ni ya Kiaramu cha Wayahudi wa Babeli, ya kati ya karne ya 5 na ya 8 hivi. Katikati ya baadhi yake kuna mchoro wa pepo aliyefungwa minyororo, miguu imebanwa pamoja. Msomi James Montgomery aliyachapisha maandishi ya Nippur mwaka 1913, na tangu hapo mengine mengi yamejulikana.

Mabakuli hayo yanasema nini? Yanamfukuza Lilithi. Pepo huyu alihofiwa kwamba anaingia nyumbani usiku, anawatokea wanaume ndotoni kwa sura ya mke na wanawake kwa sura ya mume, anawasumbua wajawazito na kuua watoto wachanga. Na jinsi anavyofukuzwa ndiyo iliyonifanya nishindwe kulala siku niliposoma mara ya kwanza: anaandikiwa talaka. Talaka halali, kwa maneno yale yale ya hati ambayo mume wa Kiyahudi humkabidhi mkewe. Sheria inataka jina liandikwe sawasawa, la sivyo hati imebatilika. Basi mwandishi wa bakuli anamtaja pepo kwa jina lake, kisha anapanda ukoo wake hadi kwa bibi yake, asije akapata mwanya wa kusema si mimi niliyeandikiwa. Anaambiwa atoke uchi, nywele zimetimka mgongoni, asirudi tena. Na shahidi mkubwa anaitwa, Rabi Yoshua bin Perahia, mwanachuoni aliyeishi karne nyingi kabla, kama aliyekwisha kumpiga marufuku. Bakuli moja la Nippur limeandikwa kwa ajili ya Geyonai mwana wa Mamai. Mamai ni mama yake. Karibu kila mteja anatajwa kwa mama yake.

Fikirini kidogo kilichotendeka pale. Mtu amezika watoto. Hana daktari wa kumweleza kwa nini. Anakwenda kwa mtu anayejua kuandika, na yule mtu, badala ya kupiga kelele na kuchinja, anachukua chombo chenye nguvu kuliko vyote anavyovijua, yaani sheria, anamwita pepo mahakamani. Anamchukulia kama mke wa mtu, mwenye jina na wazazi, anayebanwa na hati. Kwangu mimi hii ni moja ya fikra kubwa alizowahi kuwa nazo binadamu akiwa na hofu: kwamba hata lile linaloua gizani liko chini ya sheria, na likikabidhiwa karatasi yake itabidi liondoke. Halafu mtu anakuja kuniambia huu ni ushetani. Ushetani uko wapi? Ni mzazi anataka mtoto wake aamke asubuhi.

Wala hawakuwa Wayahudi peke yao. Wateja wengi wana majina ya Kiajemi, na mabakuli ya namna hiyo hiyo yaliandikwa pia kwa Kisiria na Kimandai, lugha za jamii nyingine za huko. Majirani waliazimana. Mwanamke ambaye mtoto wake ana homa hakuuliza kwanza mwandishi anasali wapi, na sisi tuliokulia pwani, tuliovishwa hirizi na bibi zetu kabla hatujajua kusema, hatuhitaji kufundishwa hilo.

Najua nitajibiwa kwa Kutoka 22:18, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Ndiyo, aya ipo, na marabi waliijua kuliko sisi. Lakini someni Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, sura ya sita ya kitabu cha Sabato, na mjadala wake katika Talmudi. Swali lililowashughulisha si kama mtu avae hirizi. Ni kama anaweza kutoka nayo nje siku ya Sabato, siku ambayo kubeba mzigo hairuhusiwi. Jibu: ndiyo, ikiwa imetoka kwa mtaalamu. Na hirizi iliyothibitika ni ipi? Ile iliyoponya mara tatu. Wakaendelea kueleza kwamba ni sawa iwe ya maandishi au ya mizizi, na ni sawa mgonjwa awe mahututi au la. Hao ni wanasheria wakali kuliko wote, na wameketi kupima dawa kwa ushahidi.

Maimonides alichukia yote haya. Alikuwa rabi na tabibu mkubwa Misri karne ya 12, na katika kitabu chake cha falsafa aliwakemea waandishi wa hirizi kwa maneno makali, akiwaita watu wanaotunga majina matupu na kuwadanganya wajinga. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba matapeli walikuwepo na alikuwa na haki ya kuwaonea hasira. Lakini angalieni historia ilivyofanya. Katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, Kairo ya kale, palikuwa na chumba cha kutupia karatasi zilizochakaa, kwa sababu maandishi yenye jina la Mungu hayachomwi. Solomon Schechter, msomi wa Cambridge, aliufikia mrundo ule mwaka 1896, na vipande vilivyoko Cambridge sasa ni zaidi ya 190,000. Humo mna karatasi zilizoandikwa kwa mkono wa Maimonides mwenyewe. Na humo humo, chumba kimoja, mna hirizi.

Upande wa pili nao niuseme wote. Si kila hirizi ilikuwa ya mtoto mgonjwa. Kitabu cha Siri, kilichounganishwa upya kutokana na vipande vya vyumba kama kile na kuchapishwa 1966, kina maelekezo ya kumdhuru adui na ya kuugeuza moyo wa mtu bila ridhaa yake. Hayo siyatetei. Yalikuwa maovu zamani na ni maovu leo.

Kabala yenyewe, hii inayotajwa tajwa, imekuja baadaye sana, na kitabu chake kikuu, Zohar, kilianza kuonekana Hispania mwishoni mwa karne ya 13 mikononi mwa Moshe de León. Aliyenigusa mimi ni Isaac Luria. Alifika Safed, Galilaya, mwaka 1570, tauni ikamuua 1572 akiwa na miaka 38, na mafundisho yake tunayajua hasa kwa kalamu ya mwanafunzi wake Haim Vital. Alifundisha kwamba Mungu alijikunja ili ulimwengu upate mahali, kwamba vyombo vilivyopokea nuru vilipasuka, na kwamba cheche zimetawanyika katika kila kitu, zikisubiri mwanadamu aziokote kwa sala na matendo mema. Mafundisho hayo yalishika mioyo ya watu ambao wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Atakayeona humo mpango wa kutawala dunia anionyeshe mstari.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata wasomi wa Kiyahudi waliwahi kuionea haya urithi huu. Heinrich Graetz, mwanahistoria wao mkubwa wa karne ya 19, aliidharau Kabala waziwazi. Ilibidi kijana wa Berlin, Gershom Scholem, aliyezaliwa 1897, atumie maisha yake yote hadi 1982 kuirudishia heshima. Namheshimu Scholem. Lakini heshima ile iliwafikia wanaume wa vitabuni kwanza. Hirizi za uzazi zilisubiri sana.

Mfano ni kesi ya Hamburg na Altona, miji ya kaskazini mwa Ujerumani ya leo. Jonathan Eybeschütz aliingia pale kama rabi mwaka 1750, wakati wanawake walikuwa wakifa katika uzazi, akawaandikia hirizi. Mwaka uliofuata hirizi zikafunguliwa. Rabi mwingine, Jacob Emden, akatangaza kwamba ndani yake mmefichwa jina la Shabtai Tzvi, yule aliyedai kuwa Masihi mwaka 1665 na kusilimu mwaka uliofuata. Marabi wa Ulaya wakagawanyika, vijitabu vikachapishwa, serikali zikaingilia. Ukisoma historia hizo utajua Emden alisema nini na Eybeschütz alijibu nini, ukurasa baada ya ukurasa. Wale wanawake waliozivaa tumboni, waliokuwa na hofu ya kufa, utawatafuta sana.

Na mabakuli? Katika miaka ya 1990, mkusanyaji mmoja wa Norway alikikopesha Chuo Kikuu cha London, University College, mabakuli 654 ili yachunguzwe. Watu wakauliza yametoka wapi. Kamati ikaundwa mwaka 2005, na ilipomaliza kazi ikaona kwamba, kwa uwezekano mkubwa, yalitolewa Iraki kinyume cha sheria baada ya Agosti 1990, nchi ilipokuwa vitani na chini ya vikwazo. Kila moja lilikuwa limefukiwa kwa ajili ya nyumba fulani. Mwizi haandiki ni nyumba ipi, kwa hiyo lipi lilikuwa chini ya kizingiti na lipi chini ya kitanda cha mzazi, hilo limepotea moja kwa moja. Mwaka 2007 chuo kiliyarudisha yote kwa mkusanyaji na kumlipa fedha juu yake. Katika makubaliano yale Iraki haikupata hata bakuli moja.