Kufomati Kwanza au Hali Salama Kwanza?

Kompyuta ikikwama kwenye nembo ya Windows, nukta zikizunguka bila kikomo, jawabu la mafundi wengi hapa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Bamburi, ni moja: fomati, yaani futa diski yote na uweke Windows upya. Wana sababu zao. Windows mpya kutoka kwenye flashi mara nyingi huingia kwa chini ya saa moja, bei hujulikana mapema, na mteja huondoka na mashine nyepesi. Palipoingia virusi vibaya, kufuta kila kitu ndiko kwenye uhakika zaidi. Kumsaka draiva mmoja mbovu, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani, kwaweza kula mchana mzima, na mchana huo halipwi mtu.

Ila kufomati hakukwambii mashine iliugua nini. Hali salama, ile Safe Mode, huiwasha Windows kwa draiva za lazima tu, na programu zinazojianzisha zenyewe hubaki nje. Ikiwaka hapo, diski inasomeka na mfumo uko hai. Shuku draiva, sasisho au programu iliyowekwa karibuni. Isipowaka hata hapo, shuku diski, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) au faili za mfumo. Diski inayokufa ukiifomati, ugonjwa hurudi, na mteja ameshalipa.

Wengi waliiacha njia hii walipoona F8, kitufe cha zamani cha kuingilia hali salama, haiitiki, maana tangu Windows 8 kitufe hicho huja kimezimwa. Kwa Windows 10 na 11, washa, nembo ikitokea shikilia kitufe cha umeme mpaka mashine izime. Rudia mara mbili au tatu, na ukurasa wa marekebisho utafunguka. Pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4, au 5 ukihitaji mtandao. Ukiingia, rudisha draiva wa zamani kupitia Device Manager, au endesha sfc /scannow, amri ya kukagua na kurekebisha faili za mfumo, kwenye Command Prompt. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda data, huenda ikaitisha ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umo kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, basi aulizwe kabla hajaondoka dukani.

Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Dawa iliyotolewa: ingia hali salama, fungua folda ya CrowdStrike ndani ya C:\Windows\System32\drivers, futa faili la .sys linaloanza na C-00000291, washa upya. Ni kweli, kazi ilikuwa ya mkono, mashine baada ya mashine, na iliwachosha watu. Lakini tazama ukubwa wa jambo: mamilioni ya mashine, data zake zi salama, na kilichozizuia ni faili moja. Anayefomati bila kuuliza angezifuta zote.

Na kufuta kwa leo si kufuta kwa jana. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, faili zilizofomatiwa haraka zilikuwa bado zaweza kuokolewa, mradi hazijaandikwa juu. Kwenye SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, Windows huiarifu diski kwa amri ya TRIM kwamba nafasi ile haina mwenyewe, nayo diski huisafisha kimyakimya. Wakala wa forodha aliyeweka hati za mizigo kwenye Desktop, bila nakala kwingine, huwa amezipoteza pengine kabla hajafika nyumbani. Hali salama ingempa nafasi ya kuchomeka diski ya nje na kunakili C:\Users yote, kisha afomati akitaka.

Mashine isiyotoa hata taa ni habari nyingine kabisa. Pwani yetu ina unyevu na chumvi, na miguu ya RAM hushika kutu. Anza na umeme, kisha chomoa RAM uisafishe.

Kinachowasukuma mafundi kwenye kufomati ni malipo zaidi kuliko uvivu. Basi uchunguzi uwe na ada yake, ilipwe hata kama mwisho wake ni kufomati, na mteja aambiwe mapema ni shilingi ngapi.