Shavu la mwenzako si lako kuligeuza

Sisi wakristo tunaocheza magemu mtandaoni tuna mstari mmoja wa Biblia tumeuchakaza kuliko mingine yote, ule wa shavu. Juzi nimeusikia tena na umenitibua kwelikweli, kwa hiyo mnivumilie wapendwa, leo sina upole.

Ilikuwa mechi ya ranki, yaani ile inayokupandisha au kukushusha daraja, tuko watano, wawili tunafahamiana maana tunasali pamoja, watatu hatuwajui. Katika wale wageni mmoja akafungua maiki akawa anatuambia adui wako wapi, na anaelekeza vizuri mno, ila kosa lake kubwa ni kwamba sauti yenyewe ni ya kike. Basi, hilo tu. Hajafa, hajamwachia mtu njia, hajafanya lolote baya. Sasa kuna jamaa kwenye timu ambaye jina lake la gemu ni Zaburi na namba ya sura, naomba mrudie kusoma hapo, Zaburi na namba ya sura, ndiye aliyeanza kumporomoshea. "Rudi jikoni" ndiyo ilikuwa salamu, yaliyofuata ni ya mwili wake na ya mama yake na siyaandiki hapa. Mimi nikamwambia jamaa aache, tukazozana, yule dada akazima maiki, baada ya muda kidogo akatoka kabisa, tukabaki wanne tukapigwa vibaya sana na ilikuwa haki yetu.

Mechi imeisha namuuliza mpendwa mwenzangu mbona ulikuwa kimya muda wote ule, ananijibu kwa amani tele: "Aah mimi nilishawamyuti wote mapema, nimezima sauti zao zisinifikie, sitaki kuichafua roho yangu. Yesu si alisema tugeuze shavu la pili?"

Shavu la nani, ndugu yangu? Nani kakupiga wewe?

Kasome Mathayo 5:39 taratibu. "Mtu akupigaye shavu la kuume, mgeuzie na la pili." Akupigaye wewe! Shavu linalozungumziwa hapo ni lako, uamuzi wa kulitoa ni wako na maumivu ni yako, ndiyo maana lina thamani mbele za Mungu. Shavu la mtu mwingine huna mamlaka nalo hata kidogo. Huwezi kusimama pembeni mtu anazabwa vibao halafu ukasema mimi nina moyo wa kusamehe, umesamehe nini sasa wakati hukuguswa? Huo ni ukarimu wa kutoa mali ya jirani. Na kama tunataka mstari unaofanana na kilichotokea mle ndani basi tutoke kwenye shavu twende Luka 10, kuna mtu kapigwa yuko chini, kuhani anapita, Mlawi anapita, na Biblia haisemi walimtukana au walimpiga teke, inasema tu walipita kando. Kwa lugha yetu walimyuti. Nina hakika walifika walikokuwa wanakwenda na roho zao zikiwa safiii.

Halafu tuelewane hiki kitufe kinafanya nini, maana watu wanakiongelea kama vile ni karama ya Roho. Ukimyuti, matusi hayajakoma, yameacha kukufikia wewe peke yako. Wengine wote wanaendelea kuyasikia, na anayetukanwa ndiye anayeyasikia zaidi. Yeye hajui kama umemyuti, hajui kama moyoni unamwombea, hajui kama unasikitika. Anachojua ni kwamba kwenye timu yake mmoja anamtukana na wengine wanacheza tu. Kwake huyo dada kimya chako na kimya cha anayekubaliana na matusi vinafanana, havina alama ya kuvitofautisha. Na yule mtukanaji naye hivyo hivyo, akiona hakuna anayeshtuka anajua yuko nyumbani, anaongeza. Mkiwa watano na watatu mmenyamaza, yule mmoja anaongea kwa niaba ya wanne. Mnamkopesha sauti bila kufungua mdomo.

Na kwa nini hasa tunanyamaza? Tusidanganyane hapa, mara nyingi wala siyo upole. Tunaogopa jamaa akikasirishwa ataamua kuharibu mechi makusudi, atasimama tu pale mwanzoni asitembee, au atajipeleka kwa adui afe mfululizo, na ranki itashuka. Ndiyo hesabu yenyewe hiyo. Mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu upande mmoja wa mizani, na kale kanembo ka ranki upande wa pili, na kanembo kanashinda. Halafu Jumapili tunaimba kwa mikono juu.

Yakobo alishayaona haya, sura ya 3, kwa ulimi ule ule tunamhimidi Mungu na kwa huo huo tunawalaani watu waliofanywa kwa mfano wake, akamalizia kwa kusema haifai mambo hayo kuwa hivyo. Huyo wa Zaburi ndio mstari wake, autafute mwenyewe. Mimi leo sina shida naye sana, maana yeye anajulikana anachofanya. Shida yangu ni sisi wastaarabu.

Najua kuna watakaosema suluhisho ni kuacha magemu kabisa, ni ya dunia. Haya, acheni na kuendesha magari basi maana barabarani nako wanatukanana. Ila nikiri shingo upande kwamba wapo watu gemu linawatoa kwenye wokovu kabisa, mtu anarusha kontrola ukutani, anamfokea mama yake kwa sababu intaneti imekata, huyo aache, na aache leo. Wengine tuacheni tucheze.

Na wapo wanaosema kazi ya kuzuia matusi ni ya kampuni, si ya kwangu. Kampuni zimejaribu sana jamani, zaidi ya makanisa mengi. Riot, kampuni ya gemu la League of Legends, wakati fulani, kuanzia 2011, walikuwa na mahakama ndani ya gemu hilo ambapo wachezaji wenyewe wanasoma chati za mtuhumiwa na kupiga kura aadhibiwe au aachiwe, ikafika 2014 wakaisitisha. Gemu la Overwatch nalo walikuja na ile ya kuchekesha, ukiandika "gg ez" (yaani mechi nzuri, ilikuwa rahisi) ili kuwadharau mliowashinda, mfumo unabadilisha maneno yako yanatokea kitu kama muda wangu wa kulala umepita, msimwambie mama. Mwaka 2018 wakaongeza na njia ya kumpa sifa mchezaji mwenye tabia njema baada ya mechi. Gemu la Call of Duty tangu 2023 wana ToxMod, mashine inasikiliza watu wanavyoongea kwenye maiki na kuwapelekea wasimamizi waamue. Yote mazuri. Lakini adhabu inakuja baadaye, siku nyingine, yule dada ameshatoka. Mashine itamfungia mtu akaunti ila haiwezi kumwambia aliyetukanwa kwamba tupo na wewe, endelea kutuelekeza. Hiyo sentensi lazima itoke kwa mtu aliyekuwepo, kwenye mechi ile ile, dakika ile ile.

Kuna jambo Riot waliwahi kulisema kutokana na data zao ambalo halijanitoka, kwamba uchafu mwingi hautoki kwa wale sugu wachache, unatoka kwa watu wa kawaida waliokuwa na siku mbaya. Mwanasaikolojia John Suler naye alishaandika mwaka 2004 kuhusu watu wanavyolegea breki wakiwa mtandaoni, hakuna anayekuona, hujui sura ya unayemuumiza, unajiona kama yule siyo wewe hasa. Ukiyaweka pamoja hayo mawili unaona kitu cha kutia moyo kwa kweli, kwamba wengi wanaotukana si mashetani, ni watu ambao hakuna mtu amewaambia "oya, tunakusikia". Mara nyingine sentensi moja tu inatosha mtu akakumbuka ana mama. Mara nyingine haitoshi, nimeona pia, sitawauzia miujiza.

Hapa inabidi niseme na upande wa pili, maana wapo wapendwa wakisikia "usinyamaze" wanafurahi kupita kiasi. Wanaingia na mistari mikali, wanabandika sura nzima kwenye chati mtu anajaribu kucheza, au wanamkumbushia mtukanaji habari za Elisha na wale dubu wawili waliowararua vijana arobaini na wawili, 2 Wafalme 2, naapa kuna mtu anaipenda hiyo hadithi kuliko Injili zote nne. Au wanajitetea kwamba hata Paulo alimwita kuhani mkuu "ukuta uliopakwa chokaa". Ni kweli alimwita, Matendo 23, ila soma mstari wa tano uone alivyorudi nyuma alipoambiwa huyo ni nani. Kumtetea mtu hakukupi kibali cha kutukana, kwanza ukitukana mechi inakuwa na watukanaji wawili na aliyeumizwa anasahaulika kabisa, inabaki ngumi zenu ninyi.

Mi nadhani mahubiri hayahitajiki kabisa pale. Andika kitu kifupi, kwa lugha ya gemu, bila hata kutaja dini: "Mwache, anaelekeza vizuri." Kisha muongeleshe yeye aliyetukanwa na siyo mtukanaji, hapo ndipo wengi wanakosea, nguvu yote inaenda kwa mkorofi. Muulize adui wako wapi. Fuata alichosema. Mechi ikiisha mpe sifa kama gemu lina hiyo sehemu, na mkorofi mripoti, chagua sababu sahihi, usibonyeze tu ili mradi. Na msiniambie kuripoti ni umbea au ni kukosa msamaha. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukataka afungiwe wiki mbili asiwafikie wengine, mimi mwenyewe namtakia yule wa Zaburi vyote viwili.

Sasa ukishaandika hiyo sentensi kuna uwezekano mkubwa sana jamaa atamwachia yule dada akugeukie wewe, na imani yako, na ukoo wako wote. Haya, hapo ndugu yangu ndio umepigwa shavu la kwako. Geuza la pili, au bonyeza myuti, sina ugomvi na wewe.