Mvinyo wa Dodoma nao upewe muda

Kwa Mtanzania anayeishi Bordeaux, mji wa Ufaransa unaosifika kwa mvinyo, jambo gumu kuwaeleza ndugu zake si bei ya mvinyo, bali ni ile desturi ya kununua kinywaji na kukiacha bila kukigusa kwa miaka kumi au ishirini. Hapa mtoto akizaliwa, wazazi wenye uwezo hununua kasha la mvinyo wa mavuno ya mwaka huo na kulihifadhi mpaka afikie utu uzima. Wapenzi wa mvinyo nao hukutana kufungua chupa za shamba moja za miaka mbalimbali, wakalinganisha walichoandika zamani na wanachokionja leo, na mara nyingi hugundua kwamba walihukumu mapema. Mavuno ya 2001 yalifunikwa na sifa za mwaka 2000, lakini kadiri chupa zilivyoendelea kufunguliwa ndivyo yalivyozidi kuheshimiwa. Yale ya 2003, mwaka wa joto kali barani Ulaya, yaliwavutia wengi yakiwa bado machanga, kisha baadhi ya chupa zikachoka kabla ya wakati.

Kinachotokea humo ndani si muujiza. Tanini, ambayo hutoka kwenye maganda na mbegu na kuukausha ulimi, huungana taratibu na chembe za rangi mpaka zikawa nzito na kutua chini kama mashapo. Zambarau hugeuka kuwa rangi ya tofali, na harufu ya matunda huipisha ile ya ngozi, tumbaku na uyoga. Katikati ya safari hiyo mvinyo mwingine hununa kabisa, ujana umeuacha na ukomavu haujafika, na anayeufungua wakati huo huona amepunjwa. Ndiyo maana mwenye kasha la chupa 12 hufungua moja, akasubiri, kisha akafungua nyingine. Tusidanganyane, hata hivyo: mvinyo mwingi unaouzwa Ufaransa hutengenezwa ili unywewe ungali mchanga, na chupa za kuwekwa ni chache na za wachache.

Nawasikia wenzangu wa ughaibuni wakisema kwamba nyumbani hatuwezi mambo haya kwa sababu hatuna subira. Siikubali hoja hiyo, maana anayepanda mzabibu na kuusubiri mpaka uzae hahitaji kufundishwa subira na mtu yeyote. Tofauti iko kwenye ubaridi na fedha. Nyumba ya mawe ya huku ina ghala chini ya ardhi ambalo hubaki karibu nyuzi 13 bila umeme, ilhali chupa iliyowekwa chini ya bati Dodoma hupikwa kila mchana. Tena chupa iliyolala ni mtaji uliolala. Mkulima wa Hombolo, huko Dodoma, akikosa mnunuzi zabibu zikiwa zimeiva, huziona zikioza shambani, na ada ya shule haingoji. Kiwanda nacho kinahitaji kuuza haraka ili kiweze kununua mavuno yanayofuata.

Pamoja na hayo, naamini viwanda vya Dodoma vinapaswa kuweka akiba. Mvinyo mwekundu wa Makutupora, huko huko Dodoma, unajulikana kwa ladha yake ya ujana peke yake, na swali la kama unaweza kukomaa hujibiwa kwa kuuonja tena na tena kadiri miaka inavyopita, si kwa kubishana. Joto hupunguza asidi inayoushikilia mvinyo usichakae, kwa hiyo mimi ningeanza na miaka mitano badala ya ishirini, katika chumba kilichochimbwa ardhini, na kila mwaka chupa moja ifunguliwe mbele ya wakulima wenyewe. Lebo nayo iandikwe kwa uangalifu kuliko ya Ufaransa: Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, hivyo kutaja mwaka bila msimu ni kuacha nusu ya habari.

Baba yangu mdogo, mwenye shamba la zabibu huko, nilipomweleza mpango huu aliuliza kwanza ni nani atakayemlipa kwa zabibu zilizolala chupani. Kwa maoni yangu alipwe siku anayopeleka mzigo, kama kawaida, na gharama ya kusubiri ibebwe na kiwanda, ambacho kwa makasha machache ya kila msimu hakiwezi kufilisika.