Katekoli yenye klorini hukifisha kimeng'enya katekoli 2,3-dioksijenasi

Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kwamba kimeng'enya cha bakteria kiitwacho katekoli 2,3-dioksijenasi kikimwagwa kwenye maji machafu kitapasua pete yoyote ya aromatiki (pete ya kaboni kama ya benzeni), yenye klorini au isiyo nayo. Si kweli. Benzeni yenyewe hakiigusi; lazima vimeng'enya vingine viigeuze kwanza kuwa katekoli, yaani pete ya benzeni yenye vikundi viwili vya haidroksili (OH) vilivyo jirani. Katekoli tupu ndiyo, kinaipasua pembeni mwa vile vikundi viwili vya haidroksili, na mmumunyo hugeuka manjano, rangi inayopimwa kwa mwanga wa nanomita 375. Kipe 3-klorokatekoli, yaani katekoli yenye klorini, uone: zao lake ni kali mno, hujishikiza kwenye kimeng'enya chenyewe na kazi ikasimama. Hata hewa tu hukidhoofisha, kwa kuwa chuma chake cha Fe2+ hupoteza elektroni na kugeuka Fe3+. Ndiyo maana wakati wa kukitenga na protini nyingine, maabara huongeza asetoni kama asilimia 10 kwenye bafa (mmumunyo unaoshikilia pH) ili kukilinda. Kilichozimwa na hewa huweza kufufuliwa kwa salfeti ya Fe2+ na kipunguzaji (kitoa elektroni) kama askobeti, yaani vitamini C. Na manjano yakififia, pima pH (kiwango cha tindikali) kabla ya kukilaumu kimeng'enya: kwenye tindikali rangi hupotea ingawa zao lipo. Je, kuna aliyejaribu kile cha bakteria Pseudomonas putida GJ31, kinachostahimili 3-klorokatekoli, kwenye maji machafu halisi?