Marehemu Gani Huyu Bado Anakula?

Juzi kwenye daladala, redio imefunguliwa mpaka mwisho, mtangazaji anasoma habari za anga. Kuna galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, "zilizokufa", anasema, hazizai nyota tena. Mwenzake akadakia: "Kama bibi zetu!" Basi zima likaangua kicheko. Nikashuka kituo kimoja kabla ya changu, ingawa joto nalo lilichangia.

Bibi yangu aliacha kuzaa akiwa na arobaini na kitu. Akaishi miaka mingine karibu hamsini, akiuza maandazi, akisomesha wajukuu, akizika vijana waliokuwa wakimwita kizee. Tungemtangaza marehemu tangu lini?

Galaksi wanazozisimanga ni zile za umbo la lenzi. Neno lenzi lenyewe limetokana na dengu kwa Kilatini, kwa hiyo mimi naziita dengu na asinisahihishe mtu. Chukua NGC 3115. Mtazama nyota William Herschel aliigundua mwaka 1787 akiwa Uingereza, ambako haipandi juu sana. Sisi wa Dar, Rufiji na Mafia inatupita utosini, na hatuna habari. Iko kama miaka nuru milioni 32 kutoka hapa (mwaka nuru mmoja ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka), na tunaitazama ubavuni: tumbo nene katikati, ncha mbili zimechongoka, haina ile mikono ya kujipinda ya kupigia picha.

Haya, kwa shingo upande nakubali: gesi baridi ya kuundia nyota imekaribia kwisha, na nyota zake nyingi ni za kale. Lakini kale si kufa, jamani! Nyota ndogo nyekundu huwaka polepole mno, zitakuwepo Jua letu likiwa limeshazimika zamani. Halafu pale katikati kuna shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauchomoki, lenye uzito wa Jua mara bilioni moja hivi, wakati la galaksi yetu, hii inayojisifu kwa uzazi, ni mara milioni nne tu. Mwaka 2011 darubini ya Chandra iliyoko angani ikaonyesha gesi ya moto ikivutwa kuelekea shimo hilo. Marehemu gani huyo anayepakuliwa chakula?

Wanasayansi nao wamo, maana "nyekundu na mfu" ni msemo wao. Watangazaji wamenogesha tu.

Februari, kabla masika hayajafunga anga, nilipanda darini na darubini ya kuazima kwa shemeji. Ilikuwa imeshapita saa sita usiku. Nikahangaika kuitafuta dengu yangu kusini ya kundi la nyota la Simba karibu saa nzima, taa za baa ya jirani zikinichoma macho, mpaka kikatokea kialama cha mwanga, chembamba, kimelala ubavu. Nikamwita mpwa wangu. Akachungulia, akanyamaza.

"Shangazi, kweli kama dengu," akasema, akashuka kulala. Mimi nikabaki mpaka mbu waliponifukuza.