Bahasha ya mwanangu, namba ya mpwa wangu

Mwezi wa nane nilimpeleka kijana wangu shuleni kwake hapa Leicester, Uingereza, kuchukua matokeo ya GCSE, mtihani wao wa sekondari. Ana miaka 16, umri wa fomu foo kwetu. Akapewa bahasha yenye jina lake, akaenda nayo mpaka kwenye uzio wa uwanja, akaifungulia huko, kanipa mgongo. Mimi na uzoefu wangu wa Kibongo nikamvaa mwalimu: "Kafanyaje?" Akacheka. "Muulize mwenyewe." Nikarudi kukaa kwenye gari, nasubiri kuambiwa kama mgeni.

Mwezi wa kwanza, mpwa wangu wa Morogoro alikuwa sokoni na mama yake mkeka wa matokeo ya fomu foo ulipotoka. Matokeo ya shule nzima yanakaa wazi mtandaoni. Ukiwa na namba ya mtihani ya mtu, umemmaliza. Shemeji mmoja alikuwa nayo. Akapiga picha ya skrini, akazungushia duara jekundu, akaitupa kwenye grupu la familia, watu 46: divisheni foo, pointi 28, Hisabati F. Binti alipowasha data akakuta pole kumi na saba, na baba mdogo anauliza ada yote ile ilikwenda wapi. Ndivyo alivyojua amepata nini. Hakujibu, akajitoa.

Sisemi Wazungu wana huruma kutuzidi. Mwaka 2020, korona ilipofuta mitihani, alama za A-level, fomu siksi ya huku, zilipangwa kwa hesabu za kompyuta, watoto wengi wakashushwa, wakaandamana mpaka serikali ikarudi nyuma. Na raha yetu hawaijui. Mtoto akipiga wani ya saba, ya juu kabisa, mtaa mzima unanukia pilau. Kijana wa jirani yangu hapa alipata 9, alama ya juu kabisa, karibu masomo yote. Nimejua wiki mbili baadaye, tena tukitoa mapipa ya taka.

NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, walipoacha kutangaza kumi bora, Januari 2023, kuna waliolalamika. Mimi nilishukuru. Lakini kumi bora ni habari ya waliofaulu. Huyu wa foo nani anamsitiri?

Mwanangu naye Hisabati ilimkataa: kapata 3, na inayotakiwa ni 4. Septemba alikuwa chuoni, bure, na kipindi cha Hisabati kimo kwenye ratiba, maana utaratibu unamtaka aendelee nayo. Hakuna aliyemwitia kikao. Mpwa wangu aliitiwa, Jumapili asubuhi, wajomba kwa mashangazi, nami nikiwa kwenye spika ya simu (sikusema la maana, nakiri). Kisha akaachiwa ajitafutie kituo, ada na mwalimu wa jioni.

Novemba hii wote wawili wanarudia. Mpwa wangu sasa ni mtahiniwa wa kujitegemea, namba yake inaanza na P badala ya S. Nilimwomba anitumie nimwekee kumbukumbu.

"Hapana, Mjomba," akasema. "Hii nakaa nayo mwenyewe."